Samaki wa Shimoni Haazimwi

Detroit, 7 Septemba 1986

Dada Lempi,

Pokea salamu zangu, na umpe mama zake kabla hujasoma mbele, maana ukishaanza kusoma utakasirika na utasahau. Sisi hatujambo. Magoti ya mke wangu Marlene yamevimba tena na sasa yanatabiri mvua kuliko redio. Mimi kiwanda kimenistaafisha tangu Juni. Miaka thelathini na mitatu nimefunga milango ya magari ya watu, na siku ya kuagana wamenipa saa ya mkononi. Saa, Lempi! Mtu ambaye hana tena pa kuwahi.

Lakini nimepata cha kufanya. Nimejiunga na chama cha wavuvi hapa mtaani, wanaume ishirini na wawili, kofia za kijani, kikao kila Alhamisi. Tunavua besi wa mdomo mdogo tu, wale ambao baba aliwaita shaba kwa rangi yao, na sheria yetu ya kwanza ni kwamba hatuui. Samaki anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini akiwa hai. Marlene anasema ni sawa na mtu kwenda sokoni kubusu nyanya. Acha aseme. Mimi nimekua nikimwona baba akirudi kila vuli na samaki wawili wafu kwenye ndoo, siku baada ya siku, hadi barafu iingie. Nimefurahi kukutana na watu wanaojua kuacha.

Sasa neno lenyewe, na unalijua kabla sijaliandika. Maji yakipoa, shaba wote wa Ziwa Harju huondoka kandokando na kwenda kujikusanya mahali pamoja penye kina. Baba alipaita Shimo, na alipajua. Wewe unapajua. Mimi, mtoto wake pekee wa kiume, sipajui. Ninyi wawili mlikuwa mkipiga makasia, mimi naachwa nyuma ya nyumba kupasua kuni. Nikimwuliza, jibu lake lilikuwa moja tu: "Samaki wa shimoni haazimwi." Yaani tafuta lako, usiombe langu. Hadi anaingia kaburini hakubadilisha hata herufi.

Nina miaka hamsini na minane, dada. Nipe alama za Shimo. Ndio urithi pekee ninaoutaka. Nyumba na vilivyomo kaeni navyo.

Ndugu yako,
Tauno

*

Harju, 28 Septemba 1986

Mdogo wangu Tauno,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja. Nimechelewa kuijibu kwa sababu ya viazi. Mwaka huu vimekubali mno, na mgongo wangu hauna tena urafiki na jembe. Hongera kwa kustaafu. Ile saa mpe Marlene, ajue unachelewa wapi.

Mama hajambo. Ana miaka themanini na tisa, anakula, analala, na anagombana na mchungaji kuhusu nyimbo zipi ni za Kilutheri na zipi ni za dansi. Masikio yamepungua lakini macho yake bado ni ya kutunga uzi kwenye sindano. Anakaa dirishani upande wa ziwa tangu asubuhi na kunitangazia yanayopita: "Bata. Bata tena. Boti ya Onni. Onni kanenepa huyo, boti imezama upande." Nikimwambia mama, Onni Raisanen ana duka la chambo na hali chakula kidogo kama wewe, anasema, "Mimi nasema ninachokiona."

Joto la sauna limerudi kuwa zuri, nimebadilisha mawe ya mvuke. Miti imeanza kuwa myekundu upande wa kaskazini. Mjane wa mtu wa posta ameolewa tena, na mama anasema bwana mpya anatembea kama anayetafuta kitu alichoangusha.

Umeniuliza na jambo jingine. Mwambie Marlene akande magoti kwa maji ya moto na chumvi ya mawe, asubuhi na jioni.

Dada yako,
Lempi

*

Detroit, 4 Oktoba 1986

Dada Lempi,

Salamu kwa mama. Magoti ya Marlene yanakushukuru. Nimeisoma barua yako mara mbili kutafuta jibu langu, kisha nikaikunjua na bahasha, nikidhani labda umeliandika kwa ndani. Hakuna. Viazi viko, Onni yuko, mjane yuko na bwana wake anayetafuta kitu. Tauno hayuko.

Unanichukulia mimi mgeni? Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimfuata baba kwa siri na mtumbwi wa jirani. Aliponiona alikunja mshipi, akageuza boti, akarudi nyumbani bila samaki. Siku ile alikubali tulale na supu tupu kuliko mimi nijue. Nimeishi na siku hiyo miaka arobaini na miwili. Kila mtu hapa chamani ana hadithi ya baba yake kumshika mkono akimwonyesha mahali. Mimi yangu ni mgongo wa baba ukiniacha.

Sikuombi ili nijitambe. Nitakuja Jumamosi tarehe 25, peke yangu. Nitachukua samaki wawili, wawili tu, kama yeye, na safari hii nitawaua, ndiyo, niwalete jikoni, mama awakaange kwa siagi, tule watatu mezani. Kisha nilale, nirudi kwangu. Hilo tu. Mama ana miaka themanini na tisa, Lempi. Tunangoja nini?

Tauno

*

Harju, 14 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Sote wazima. Theluji ya kwanza ilishuka jana ikayeyuka kabla ya kifungua kinywa, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nimemsomea mama barua yako, kwa sauti ya juu, hadi mahali pa siagi. Kisha akasema, "Mpe mtoto. Baba yenu alikuwa mkaidi, na mimi nilimwachia." Nikamwambia baba alikuwa na sababu zake. Akasema, "Sababu zake ziko kaburini pamoja naye, na mimi nataka kula na mwanangu." Basi nakupa.

Andika kichwani, uchome karatasi. Toka gatini kwetu, elekea katikati mpaka bomba la moshi la kinu cha madini ya shaba lisimame juu kabisa ya mwamba mweupe. Shikilia mstari huo, rudi nyuma polepole mpaka mnara wa kanisa uguse bega la kushoto la kilima. Hapo shusha chubwi, ile risasi ya uzi, mpaka iguse chini. Ukipata futi arobaini na udongo laini, umekosea, sogea kidogo magharibi. Ukisikia mawe, tulia.

Usiende mapema. Baba alikuwa akitumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko na kusali Baba Yetu. Ukiweza kuimaliza, samaki bado wametawanyika, rudi nyumbani. Ukiishia kwenye mkate wetu wa kila siku na mifupa inauma, wameshaingia Shimoni. Mwaka huu nadhani tarehe yako itakuwa ndiyo yenyewe. Chambo ni samaki mdogo aliye hai, mkubwa kama kidole cha kati. Shusha hadi chini, pandisha pima moja, kisha usifanye kitu. Kwenye baridi hawafukuzi, wanangoja kiletwe.

Wawili, Tauno. Umeandika mwenyewe. Pita nyumbani kwanza unywe kahawa kabla ya kuingia majini, mama akuone. Nitaoka mkate wa iliki.

Lempi

*

Detroit, 2 Novemba 1986

Mpendwa dada yangu Lempi,

Ni matumaini yangu kuwa wewe na mama yetu mpendwa mnaendelea vizuri na afya njema kabisa, na kwamba baridi haijawasumbua mno. Huku hali ya hewa ni nzuri. Marlene anawasalimu sana sana. Jirani zetu pia wanawasalimu, ingawa hamjawahi kuonana.

Nasikitika kukuarifu kwamba tarehe 25 sikuweza kufika. Gari lilipata hitilafu ya giaboksi, na magoti ya Marlene pia, basi nikaona si busara. Nilitaka kupiga simu lakini najua mama haipendi simu. Umwombe radhi. Pengine mwakani, Mungu akipenda, mambo yakitulia.

Asante sana kwa maelekezo. Nimeyatunza vizuri.

Ndugu yako akupendaye,
Tauno

*

Harju, 9 Novemba 1986

Tauno,

Mama yuko hai. Mimi niko hai. Salamu zimeisha.

Barua nzima yenye adabu! Tangu uzaliwe hujawahi kuniita mpendwa. Nilipofika kwenye jirani zako wanaonisalimu nilijua kwamba unajua ninachokijua, au unakiogopa, na sasa nakuandikia ili usihangaike kubahatisha.

Jumamosi ile mama aliamka saa kumi na moja. Alivaa gauni la bluu na ile pini ya kifuani ya arusi yake. Alimenya viazi mwenyewe, akavitia majini visiwe vyeusi, akakaa dirishani. Saa nne boti mbili zenye injini kubwa zikatokea upande wa gati la serikali, kofia za kijani sita. Zilikwenda moja kwa moja, zikapunguza mwendo, zikarudi nyuma polepole, zikatulia. Juu ya Shimo, Tauno. Kutoka dirishani kwetu ni mwendo wa kurusha jiwe mara nne.

Mama akasema, "Yule aliyesimama mbele ni Tauno."

Nikamwambia, "Hapana, mama. Wageni wa mjini hao."

"Anasimama kama baba yake. Mguu mmoja juu ya ukingo."

"Watu wengi husimama hivyo."

"Lempi, mimi sijawa kipofu."

Ndipo nikamwambia, "Mama, Tauno angepita nyumbani kwanza." Akaniangalia, akaangalia ziwa. Mlikaa hadi saa tisa. Kila mara mlipopandisha samaki mlipiga makofi, na sauti ilikuwa ikifika hadi jikoni. Mama hakula mpaka giza. Viazi niliwapa kuku.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Onni. Hakuwa na haja ya kubanwa. "Walinunua chambo kwangu ndoo tatu," akasema, "na Tauno akaninong'oneza, Onni, usimwambie dada, nataka kumfanyia mshangao. Nikamwambia, mshangao gani huo wa kofia sita, mzee? Akacheka. Lakini hakucheka vizuri." Giaboksi yako ilikuwa nzima, Onni anasema uliondoka kwa kishindo.

Hayo ningeweza kuyameza. Nimemeza makubwa zaidi kwako. Lakini Jumatatu asubuhi mama akaniita dirishani: "Shakwe wengi mno juu ya maji leo. Nani amemwaga utumbo?" Nikachukua boti.

Walikuwa wanaelea kutoka gati la serikali hadi kwenye matete yetu. Shaba wa Shimo. Wengine mfuko wa tumbo umetokea mdomoni, macho yamesukumwa nje, na pale ambapo shakwe alishafika hapakuwa na macho. Wengine watatu au wanne walikuwa bado wanapumua wakielea kiubavu, wanajaribu kushuka na hawawezi, wanazama kiasi cha mkono mmoja na kurudi juu. Hao niliwamaliza kwa kasia. Nimekusanya hamsini na saba, na waliozama siwajui. Nilijaza beseni la kufulia mara tano. Mkubwa wao alifika inchi ishirini na moja. Kwenye maji yetu ya baridi huyo ana miaka kumi na mitano, ameingia Shimoni mara kumi na tano na kutoka salama.

Sasa nikueleze neno la baba ambalo umelibeba miaka yote kama tusi. Samaki aliye futi arobaini chini ana kibofu cha hewa ndani yake. Ukimvuta juu, ile hewa inafura na kumpasua kwa ndani. Mweke kwenye tangi lenu zuri la maji botini, mpime, mpige picha, mbusu kama nyanya, mrudishe: umemrudisha maiti. Anapiga mkia mara moja, mnashangilia, kisha mnawasha injini na hamwoni kinachofuata. Kiangazi, kwenye maji ya kina kifupi, chukua na urudishe utakavyo. Vuli, hapana. "Samaki wa shimoni haazimwi" maana yake ni kwamba huwezi kumchukua halafu ukamrudisha. Uliyempandisha ni wako, mpeleke nyumbani ukamle, na kama wawili wanawatosha, kunja mshipi. Baba hakuwa mwuaji. Alikuwa anaua wawili kwa siku kwa sababu alijua ni wawili tu waliokufa.

Na kwa nini hakukuonyesha? Uliuliza, nikakuambia habari ya magoti. Haya, nakuambia. Alisema: "Tauno si mtoto mbaya, lakini hawezi kuwa na kitu bila kumwonyesha mtu." Siku ile ulipomfuata na mtumbwi, ulikuwa umembeba mtoto wa jirani. Umesahau kuandika hilo.

Nimewazika chini ya mitufaha. Barafu imeanza kushika kando.

Lempi

*

Detroit, 18 Januari 1987

Lempi,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama. Nilianza barua hii kabla ya Krismasi, nikachana. Nikaanza tena, Marlene akaisoma akasema, "Hii ni barua ya wakili," nikachana tena. Hii ya tatu sijamwonyesha.

Ni kweli. Nilikuwa mimi, mguu mmoja juu ya ukingo. Nilikuwa nimekusudia kuja peke yangu, naapa kwa kaburi la baba, na unajua siapi hivyohivyo. Ila nilifanya kosa la kusema. Alhamisi ile baada ya barua yako kufika, watu walikuwa wakisimulia mahali pao na baba zao, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na pa kwangu. Nikasema. Wakanicheka. "Aa, Tauno na shimo lake la hadithi!" Mmoja akaniuliza kama chini kuna na nguva. Mdomo uliponza kichwa. Nikawaambia basi twendeni mkaone.

Sikupita nyumbani kwa sababu ningepitaje? Na kofia sita nyuma yangu, na ahadi ya samaki wawili mkononi? Niliona dirisha. Niliona kuna mtu amekaa. Nikawapa mgongo.

Tulipata themanini na nane. Nakwambia idadi kwa kuwa wewe umenipa yako. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kitu kama kile. Walinibeba mabegani hadi kwenye gari, wazee wazima. Wiki tatu nilikuwa mtu. Kisha barua yako ikaja. Niliisoma kwenye kikao, Lempi, yote, hadi kwenye kasia. Mweka hazina akasema huenda ni maradhi ya maji. Sijarudi tena pale, na kofia nimeitupa.

Hapo nimekupa yangu. Sasa nataka yako.

Nimeichukua barua yako ya Oktoba. Ulisema niichome, sikuichoma. Nimeisoma kama mara kumi. Umeandika bomba, mwamba, mnara, chubwi. Umeandika mkono na sala. Umeandika hadi ukubwa wa chambo. Lile la kibofu hukuliandika. Hukulisahau, wewe husahau kitu? Unalijua tangu una miaka kumi na minne. Lilikuwa neno la sentensi moja, na ungeliandika, nisingethubutu kumwacha mtu hata mmoja ashushe ndoana pale, hata wangenicheka hadi wakazimia. Unanijua. Mimi ni mdomo, si mwuaji. Mbona hukuliandika?

Nataka kuja Juni, barafu ikiondoka na barabara zikikauka. Na jambo moja nakuomba, la mwisho: mama asijue. Umeshamwambia walikuwa wageni, basi waache wawe wageni. Miaka yake iliyobaki si mingi. Usimpe hilo.

Tauno

*

Harju, 14 Juni 1987

Mdogo wangu Tauno,

Barua yako nimekaa nayo miezi mitano. Ilikuwa kwenye kopo la kahawa, na kila nilipotaka kahawa niliiona. Mama ametimiza miaka tisini mwezi wa tatu. Mchungaji alikuja na keki na wimbo, akaambiwa wimbo ni wa dansi. Mimi mgongo uleule. Mbu wameanza.

Umeuliza mbona sikuandika. Nimetafuta majibu mengi, nami nikayachana kama wewe. Kwamba nilidhani unajua. Kwamba karatasi ilijaa. Karatasi haikujaa, ilibaki nusu.

Nilikusudia, Tauno. Nilifika pale penye chambo, kalamu ikasimama, nikafikiri: mtu wa samaki wawili hahitaji kuonywa. Wawili unawaua, unawala, kibofu kinamhusu nini? Onyo ni la mtu mwenye nia ya kuchukua wengi. Nikikuonya nitakuwa nimekuambia kwamba sikuamini, na nisipokuonya nitajua wewe ni mtu wa samaki wangapi. Nilitaka kujua. Miaka arobaini umenililia kwamba baba alikuonea, na miaka arobaini nimebaki hapa na jembe, na sauna, na chungu cha mama cha usiku, huku kila anayekuja ananiuliza, "Tauno hajambo? Tauno atakuja lini?" Nilitaka siku moja ionekane ni nani kati yetu baba alimjua vizuri. Basi imeonekana. Nilikupima kwa samaki wa baba. Wewe ulishindwa, na mimi niliyeshika mizani nina lawama ileile, maana wewe hukujua na mimi nilijua. Siku ile mlipokuwa mkipiga makofi nilikuwa jikoni. Boti yangu ilikuwa gatini. Ningeweza kuja kuwaambia. Ilikuwa saa nne tu, labda mlikuwa mmetoa kumi. Nilisimama na taulo mkononi nikahesabu makofi hadi saa tisa.

Hilo sijamwambia mtu. Ulitaka yangu, hiyo ndiyo yangu.

Wiki iliyopita maji yalikuwa maangavu, nikaenda kwenye ghuba ambako shaba hutaga. Unakumbuka? Dume anafagia changarawe kwa mkia, duara safi kama sahani, kisha anakaa juu yake bila kula hadi watoto waondoke. Mwaka jana nilihesabu viota thelathini na kimoja. Mwaka huu sikuambii. Nataka uhesabu mwenyewe.

Njoo. Kitanda kipo, na nyumba ni ya mama, siwezi kukufungia mlango. Utaingia botini, mimi nitapiga makasia na wewe utakaa mbele mikono mitupu, uhesabu kwa sauti nisikie. Haitachukua muda mrefu.

Kisha tutarudi nyumbani na utamwambia mama kwamba ni wewe. Umeniomba asijue, nami nakataa. Usidhani ni kwa kukukomoa, hamu hiyo imeniishia mwezi wa kwanza. Ni kwa sababu ya yeye. Tangu siku ile hatangazi tena. Bata wanapita, Onni anapita, ananyamaza. Nikimwuliza anaona nini, anasema, "Niambie wewe." Jana alinipa sindano nimtungie uzi. Nikamwambia, mama, wewe si ndiye hunitungia mimi? Akasema, "Nilimwona Tauno ziwani na hakuwa Tauno. Macho yangu yamekufa, mwanangu."

Lempi